Pima joto la udongo kabla hujafukia mbegu: mwongozo kamili, hasa kwa sisi wa vinyungu na nyanda za baridi

Kamwene wadau. Leo naandika kirefu kidogo kwa sababu hii ishu imenigharimu hela na naona kila mwaka watu wanairudia, tena watu wanaojua kulima vizuri kabisa.

Mwaka mmoja mwezi wa 7 nilipanda kinyungu chetu hapa Njombe, yaani shamba la bondeni lenye unyevu tunalolima kiangazi, mahindi ya mbegu chotara ya dukani, mbolea ya kupandia ipo, unyevu upo wa kutosha maana ni bondeni, nikarudi nyumbani nina amani. Siku ya 10 hakuna kitu. Siku ya 14 vimetoka vichwa vichache tu hapa na pale kama meno ya mtoto. Nikapanda hasira nikaenda dukani nikamwambia muuzaji kaniuzia mbegu mbovu, naye akanijibu taratibu kwamba mzigo huo huo kuna mtu kaununua kapeleka shamba la umwagiliaji kule chini Wanging'ombe na zimeota zote ndani ya wiki. Sikumuamini.

Nilivyorudi mama akachukua kisu akaanza kufukua shimo moja moja. Mbegu ya kwanza ilikuwa imevimba, ukiifinya inatoa maji meupe yana harufu kama togwa iliyochacha. Ya pili ilikuwa na mzizi mfupi wa kahawia umeishia njiani. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha, chipukizi lilikuwa limetoka lakini limejipinda chini kwa chini kama mkia wa nguruwe, halijui juu ni wapi, na jani la kwanza limefungukia ndani ya udongo kabla halijaona jua. Mama akakanyaga tuta bila kiatu akasema, "Mwanangu, udongo huu bado umelala." Mwaka uliofuata nikatafuta kipimajoto nikakichomeka pale pale, sentimita 5 kwenda chini: saa 1 asubuhi digrii 9, saa 9 alasiri digrii 16. Yaani wastani wake ni 12 na nusu, hapo hakuna mhindi unaoota kwa raha hata uupandie mbegu ya dhahabu.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuzaji, kabla hujalaumu mvua, pima udongo. Nitaeleza hatua zote.

Kwanza elewa kinachotokea kule chini

Mbegu ya mahindi ikishawekwa kwenye unyevu, ndani ya siku moja mpaka mbili inafyonza maji kwa nguvu sana, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kama maji inayofyonza ni ya baridi, chini ya digrii 10, utando wa seli ndani ya mbegu unakuwa mgumu na unapasuka badala ya kutanuka, sukari inavuja nje, na sukari ikivuja kwenye udongo umewaita fangasi wa kuozesha wenyewe karibuni mezani. Baridi ikija siku ya 5 mara nyingi mbegu inachelewa tu, lakini ikija masaa 48 ya kwanza inaweza kuua au kutoa lile chipukizi la kujipinda. Ndiyo maana siku unayopanda ina uzito kuliko siku zote zinazofuata.

Kitu cha pili ambacho wengi hatukijui ni kwamba ile ncha ya kukulia ya mhindi, sehemu inayozalisha majani na baadaye mbelewele, inakaa chini ya udongo mpaka mmea ufikishe majani kama 5 au 6. Unaona majani yako juu unadhani mmea unaishi hewani, kumbe moyo wake uko ardhini. Kwa wiki zote hizo mhindi unakua kwa joto la udongo, siyo joto la hewa unaloliona kwenye simu. Unaweza kuwa na mchana wenye jua zuri unavaa fulana, na udongo wa bondeni bado uko digrii 13 unagoma.

Na hasara yake haiishii kwenye kuchelewa. Idadi ya mistari ya punje kwenye gunzi inaamuliwa mapema, mmea ukiwa na majani kama 7 hivi, kwa hiyo mmea ulioanza kwa mateso unaamua uzao wake ukiwa bado kwenye mateso. Halafu kuna hili la kuota kwa vipande vipande, ambalo mimi naliona ni baya kuliko hata mbegu kufa. Mmea uliotoka wiki moja na nusu baada ya jirani zake hauwafikii tena, unafunikwa kivuli, unakula mbolea na maji, unazaa kigunzi cha vidole viwili au hauzai kabisa, yaani umegeuka gugu uliloligharamia mbegu. Kwa nafasi ya 75 kwa 30 mbegu moja shimo, eka inabeba karibu mimea 18,000. Zikiota asilimia 70 una 12,600, na kama katika hiyo robo imechelewa, piga mwenyewe unavuna mimea mingapi ya maana.

Hatua ya 1: tafuta kipimajoto

Huhitaji mtambo. Kile kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndefu ya chuma, cha kupimia nyama, kinafaa kabisa na kinapatikana kwenye maduka ya vyombo vya mahotelini. Cha kupimia homa hakifai, kinaanzia digrii 32 au 35 na udongo wetu hauko huko.

Kabla hujakiamini kihakikishe. Weka barafu iliyopondwa kwenye kikombe, mimina maji kidogo, koroga, chomeka sindano usubiri dakika 3, inatakiwa isome 0 au karibu sana na hapo. Ikisoma 2, basi kila utakachopima shambani toa 2. Usikihakikishe kwa maji yanayochemka kama unaishi huku kwetu, maana kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, siyo 100, utakilaumu kipimo bure.

Hatua ya 2: pima sehemu sahihi na saa sahihi

Pima pale mbegu itakapokaa. Mahindi na maharage ni sentimita 5, viazi mviringo 10, mbegu ndogo za bustani kama karoti na vitunguu sentimita 2 tu. Toboa kwanza kwa njiti ndiyo uingize sindano, ukiilazimisha kwenye udongo mgumu itapinda. Simama upande ambao kivuli chako au kofia inakinga kipimo kisipigwe na jua moja kwa moja, subiri namba itulie, kama dakika 3.

Saa ni mbili. Asubuhi saa 1 mpaka saa 2, hapo udongo wa juu unakuwa umefika mwisho wa kupoa. Alasiri saa 9 mpaka saa 10, hapo unakuwa umefika juu kabisa. Jumlisha gawa kwa mbili, huo ndio wastani wako wa siku. Kama una nafasi ya mara moja tu, pima asubuhi, hiyo ndiyo inayosema ukweli mchungu. Mtu anapima saa 8 mchana anaona 19 anafurahi anapanda, usiku inashuka 9.

Fanya siku 4 au 5 mfululizo, na sehemu tatu za shamba angalau. Hili la sehemu tatu usiliruke. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka mlimani kama maji na kujaa bondeni, kwa hiyo tuta la karibu na mto na tuta la pembeni juu kidogo yanaweza kutofautiana digrii 2 au 3 kwenye kinyungu kimoja cha familia moja. Mimi siku hizi napanda pembeni kwanza, katikati ya bonde nasubiri wiki mbili au tatu.

Hatua ya 3: piga hesabu ya siku za kuota

Mhindi hauhesabu joto lote, unahesabu kuanzia digrii 10 kwenda juu. Chukua wastani wako toa 10, kinachobaki ndicho mbegu inachoingiza kibindoni siku hiyo. Ili itoke juu ya udongo inahitaji kukusanya kama 65 hivi.

Tuseme udongo una wastani wa 20. Kila siku inaingiza 10, kwa hiyo siku 6 au 7 umeona majani. Kwenye 26 ni siku 4 tu, hii ndiyo hali ya watu wa Kilombero kule chini kwenye joto. Kwenye 15 inaingiza 5, siku 13. Kwenye kile kinyungu changu cha 12 na nusu, inaingiza 2 na nusu, ni siku 26, karibu mwezi mzima mbegu inalala kwenye matope ikizungukwa na fangasi, sota (mdudu mkata miche) na funza. Dawa iliyopakwa kwenye mbegu haikai na nguvu muda wote huo.

Mimi kipimo changu cha kupanda mahindi ni hiki: asubuhi isiwe chini ya 12, na wastani usiwe chini ya 15, na siku 3 zinazofuata zisiwe na dalili ya mvua ya baridi au ukungu mzito. Ikikosekana moja nasubiri. Najua kusubiri kunauma kwa sababu mahindi mabichi ya kuchoma ya mwezi wa 12 yana bei, lakini mbegu iliyopandwa wiki mbili baadaye kwenye udongo wa 17 mara nyingi inatoka siku moja na ile iliyotangulia au inaipita kabisa, na inatoka yote kwa pamoja.

Hatua ya 4: jaribu mbegu kwa njia mbili, siyo moja

Wengi tunajaribu mbegu kwenye kitambaa chenye unyevu jikoni, zikiota 95 kati ya 100 tunasema mbegu nzima. Ni kweli nzima, lakini jikoni kuna moto. Fanya hivi: chukua mbegu 100, 50 ziviringe kwenye kitambaa ziweke jikoni, 50 zipande kwenye beseni lenye udongo wa shamba lile lile, mwagia, liache nje linapolala baridi pale pale bondeni.

Baada ya wiki mbili au tatu linganisha. Za jikoni zimeota na za beseni zimeota, panda. Za jikoni zimegoma, hapo sasa una haki ya kurudi dukani na kitambaa chako mkononi. Za jikoni zimeota zote lakini za beseni zimeota nusu, mbegu haina kosa, udongo ndio haujawa tayari au mbegu hiyo siyo ya baridi. Kuna mbegu zilizotengenezwa kwa nyanda za juu, mfano za kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kama UH615 na UH6303, na kuna za ukanda wa chini zinazokomaa haraka ambazo mtu anakuletea kama zawadi kutoka Morogoro, hizo za pili baridi zinaisikia sana.

Hatua ya 5: pasha udongo moto kabla ya kupanda

Hapa ndipo kuna kazi yenye faida, nitakaa kidogo.

Adui namba moja ni maji yaliyosimama. Maji yanahitaji joto karibu mara tano zaidi ya udongo mkavu ili yapande digrii moja, uzito kwa uzito, na yakianza kukauka yanaondoka na joto tena. Udongo uliolowa chepechepe unameza jua la siku nzima na bado uko baridi. Kwa hiyo kwenye kinyungu chimba mifereji mapema, mwezi wa 5 au wa 6, acha matuta yakae juu yachuje maji wiki kadhaa kabla ya kupanda. Tuta la sentimita 25 hadi 30 kwenda juu linapata jua ubavuni na linachuja. Wazee wetu wa vinyungu hawakuwa na kipimajoto lakini tuta walilijua, na ukienda Mbinga kwa Wamatengo na ngoro zao, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta, au Ufipa kwenye yale matuta ya mviringo yaliyofukiwa nyasi, utaona watu wa milimani wote wameinua udongo kwa namna yao.

La pili ni jua linatoka upande gani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Njombe ni kama digrii 9 kusini, kwa hiyo mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana linakaa kaskazini. Lima matuta yaelekee mashariki magharibi, halafu panda mbegu kwenye ubavu wa tuta unaotazama kaskazini, siyo juu kileleni wala ubavu wa kusini. Pima mwenyewe pande mbili za tuta moja saa 9 alasiri, utaona tofauti yake na utaelewa kwa nini nasisitiza. Miteremko vilevile, shamba linalotazama kaskazini linapandwa mapema kuliko linalotazama kusini. Ukipanda mwezi wa 11 kwa mvua jambo hili halina uzito tena kwa sababu jua linakuwa karibu na utosi.

La tatu ni nyasi na mabua. Semina nyingi tunaambiwa funika udongo, na kwa Dodoma au Singida ni ushauri mzuri sana, lakini kwenye udongo wa baridi blanketi la mabua linazuia jua lisiingie. Usiyachome. Yasogeze tu, acha mstari wa kupandia uwe wazi sentimita 15 hadi 20 kila upande, katikati ya mistari yabaki. Mahindi yakifikisha majani 6 yarudishe karibu na shina. Udongo mweusi ulio wazi unavuta jua, wenye blanketi hauvuti.

Nailoni ipo kwa bustani ndogo. Inayoonyesha inapasha zaidi kuliko nyeusi kwa sababu jua linapita mpaka kwenye udongo na joto linanaswa chini yake, lakini magugu nayo yanashangilia. Nyeusi inapasha kiasi na inaua magugu. Itandaze wiki mbili kabla, ibane vizuri iguse udongo, ikielea hewani haisaidii sana.

Hatua ya 6: siku ya kupanda

Panda saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana, udongo ukiwa unapanda joto, ili yale maji ya kwanza mbegu inayofyonza yawe ya uvuguvugu. Usipande jioni kwenye baridi. Huu ni ushauri unaopingana na wa pwani, huo wa pwani nitaueleza mwishoni.

Kina kiwe sentimita 4 mpaka 5 kama unyevu upo. Ile ya kufukia kina cha 7 kwa kuogopa ndege huku kwetu ni kuizika mbegu, kule chini kuna baridi zaidi mchana na safari ya kwenda juu ni ndefu.

Kuhusu kuloweka: mahindi ambayo hayajapakwa dawa unaweza kuyaloweka usiku mmoja, masaa 12 hivi, kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya nyumba, asubuhi yaanike kivulini ngozi ikauke halafu panda siku hiyo hiyo. Mbegu inakuwa imekunywa maji yake ya kwanza sehemu ya joto. Usifanye hivi kwa mbegu iliyopakwa dawa yenye rangi, utaiosha dawa na utajitia sumu. Maharage usiloweke, maganda yanapasuka. Na usiloweke kama udongo ni mkavu, itakufa kiu.

Hatua ya 7: mbolea na yale majani ya zambarau

Udongo wa baridi mizizi inakua taratibu, na fosforasi haimfuati mzizi, mzizi ndio unaifuata. Ndiyo maana miche ya mahindi mwezi wa 8 inageuka zambarau pembezoni mwa majani hata kama fosforasi imejaa kwenye udongo. Vijidudu vinavyovunja samadi navyo vimelala, kwa hiyo samadi uliyoweka haijaanza kufanya kazi.

Weka DAP au mbolea nyingine ya kupandia karibu na mbegu, sentimita 5 pembeni na 5 chini yake, mzizi mdogo uikute mapema. Isiguse mbegu, inaunguza. Kutawanya juu kwenye baridi ni kumwaga hela. Ukiona zambarau usikimbilie kununua mbolea ya majani, pima joto kwanza. Kama udongo uko chini ya 15 na majani mapya ya katikati ni ya kijani, subiri, joto likipanda zambarau inaondoka yenyewe. Kama udongo uko 20 na bado ni zambarau, hapo kweli fosforasi hakuna au mizizi ina tatizo, ng'oa mche mmoja uangalie.

Hatua ya 8: kagua, na usikate tamaa na sakitu haraka

Siku ambayo hesabu yako inasema mbegu itoke, ongeza siku 3, kama hazijatoka fukua mashimo 10 sehemu tofauti. Ngumu na nyeupe ndani, iko hai inasubiri joto. Laini yenye harufu, imekwisha. Zikiwa zimekufa zaidi ya 4 kati ya 10, mimi napanda upya shamba zima na kung'oa zilizotoka, kwa sababu kuchomekea kwenye mapengo baada ya wiki mbili ndiko kunazalisha yale magugu ya mahindi niliyosema.

Sakitu, yaani umande ulioganda usiku wa baridi kali, ikipiga mahindi yenye majani 3 au 4, asubuhi yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto, yanageuka kahawia, unaweza kulia. Usiyang'oe siku hiyo. Kumbuka ncha ya kukulia bado iko chini ya udongo. Subiri siku 5 mpaka 7, kisha chukua miche michache uipasue kwa wembe kwa urefu kuanzia chini. Ukikuta ncha nyeupe imara, mmea unarudi. Ukikuta imelegea na ina rangi ya chai, umekufa.

Mazao mengine kwa kifupi

Maharage ni waoga wa baridi kuliko mahindi, chini ya 15 usiwaguse. Karanga wanataka 18 kwenda juu, tikiti nalo linapenda 25 mpaka 35, kwa hiyo anayetaka tikiti Makete ajipange na nailoni. Nyanya na hoho zinaota vizuri kwenye 25 mpaka 30, zikiwa 15 zinakaa wiki mbili au tatu. Njegere, ngano na karoti ni watu wa baridi, njegere na ngano zinaanza kuota hata kwenye digrii 4 au 5, ndiyo maana kama kinyungu chako hakipandi zaidi ya 12 mwezi wa 7 mimi nakushauri weka njegere kwanza, mahindi baadaye.

Viazi mviringo ni habari tofauti kidogo. Mbegu ya kiazi inaweza kuanza kwenye udongo wa 8 au 10, lakini ikiwa haijachipua na udongo umelowa inaoza. Panda iliyokwisha kuchipua, machipukizi mafupi manene ya sentimita 1 hivi yenye rangi, siyo yale marefu meupe ya gizani. Halafu viazi vyenyewe vinatungika vizuri udongo ukiwa 15 mpaka 20, ukikaribia 30 vinagoma kabisa kutunga, unapata majani mazuri marefu na chini hakuna kitu. Kupandishia udongo kwenye mashina siyo kwa ajili ya kuzuia viazi visiwe vya kijani tu, kunavipoza pia.

Kitalu cha nyanya kwenye baridi

Hii nimeifanya miaka mitatu sasa na naipenda. Chimba shimo la sentimita 40, shindilia samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku iliyochanganywa na majani makavu unene wa 25, mwagia maji kiasi, funika kwa udongo mzuri sentimita 15. Samadi inaanza kuchemka yenyewe. Usipande siku hiyo. Chomeka kipimajoto kila siku, kitapanda mpaka 40 na zaidi, kisha kitashuka, kikifika 28 hivi ndiyo unasia mbegu. Weka fito za upinde juu na nailoni, mchana fungua pembeni ipumue maana unyevu uliofungiwa ndio unaleta kinyausi (ugonjwa wa miche kuoza shingo na kuanguka), jioni saa 11 funika kabla joto halijaondoka.

Ndugu zetu wa pwani na ukanda wa chini

Kwenu tatizo ni kinyume chake. Udongo ulio wazi Tanga, Dar au Morogoro chini mwezi wa 1 na wa 2, saa 8 mchana juu kabisa unaweza kupita digrii 45. Mche wa nyanya uliohamishwa jana unaungua shingoni pale unapogusana na udongo, unaanguka, mtu anasema sota. Angalia vizuri, sota anakata, joto linabana shina linakuwa jembamba kama uzi. Maharage nayo, vile vinundu kwenye mizizi vinavyotengeneza naitrojeni vinadhoofika udongo ukipita 35, unaona majani ya njano na mbolea uliweka.

Saladi ndiyo inayowasumbua zaidi. Ikipita 28 au 30 mbegu yake inajifunga, haifi, inalala tu, na wewe unasia mara ya pili na ya tatu. Iloweshe, ikunje kwenye kitambaa iweke kwenye friji siku 2 au 3, usiweke kwenye friza, kisha sia jioni saa 12 kwenye kitalu chenye kivuli ulichokimwagilia. Giligilani nayo ipe kivuli.

Kwa mazao yote ya huko panda jioni, kina sentimita 5 mpaka 7 kwa mahindi, funika nyasi kavu unene wa vidole vitatu siku hiyo hiyo. Kwenye kitalu nyasi zitoe mara tu vichwa vya kwanza vinapoonekana, ukichelewa siku mbili miche inarefuka myembamba inalala. Nailoni nyeusi huko iepuke au itandaze nyasi juu yake. Mwagilia alfajiri au jioni, na kama ni lazima umwagilie mchana kupoza miche basi maji ya kwanza ya kwenye mpira uliolala juani yamwage pembeni kwanza, hayo yanaunguza.

Daftari

Kila ukipima andika tarehe, saa, sehemu ya shamba, namba, na siku mbegu ilipotoka. Mimi yangu ni daftari la shule la kurasa 48, liko jikoni limechafuka moshi, lina miaka sita. Mwaka huu lilinionyesha tuta la chini karibu na mto halijawahi kufika wastani wa 15 kabla ya wiki ya pili ya mwezi wa 8, hata mwaka mmoja. Nimepanda njegere pale.